Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Sonona, Wasiwasi, Kiwewe na Namna ya Kufaidika na Tiba ya Mazungumzo

Nitajuaje kama nina huzuni ya kawaida au ni sonona?

Huzuni huja na kuondoka. Aliyefiwa hulia asubuhi, mchana akacheka akikumbuka vituko vya marehemu, usiku akalia tena. Sonona haina nafuu za namna hiyo. Madaktari hutazama dalili tisa: moyo kuwa mzito karibu siku nzima, kutofurahia tena ulivyovipenda, usingizi kupotea au kuzidi, hamu ya kula au uzito kubadilika, uchovu usioondoka kwa kupumzika, kuzubaa au kutotulia kiasi cha watu kuona, kushindwa kukaza fikira, kujiona hufai au una hatia isiyo na kipimo, na mawazo ya kifo. Ukiwa nazo tano au zaidi, mojawapo ikiwa kati ya zile mbili za kwanza, karibu kila siku kwa wiki mbili mfululizo, na maisha yakavurugika, hilo si jambo la kuambiwa ujikaze.

Wengi husubiri machozi ndipo waamini. Wapo wenye sonona ambao hawajalia hata mara moja. Ukiwauliza wanajibu, "Sisikii chochote." Kwa wengine, hasa wanaume, hujificha ndani ya hasira za haraka, pombe iliyozidi, au kazi zisizo na mwisho. Kwa hiyo mimi huitazama zaidi ile dalili ya pili. Mtu anayesema "nilikuwa napenda kuimba, sasa hata redio naizima" ameshanieleza mengi.

Kuna dodoso liitwalo PHQ-9, lenye maswali tisa na alama kutoka 0 hadi 27. Ukipata 10 au zaidi, una sababu nzuri ya kumwona mtaalamu. Alama hiyo pekee haithibitishi ugonjwa. Pia omba upimwe damu: tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, inayofanya kazi chini ya kiwango, au upungufu wa damu, huleta uchovu na uzito wa moyo unaofanana mno na sonona, na tiba yake ni nyingine kabisa.

Sina huzuni yoyote. Kichwa kinauma, tumbo linavuruga, moyo unaenda mbio, na vipimo vyote ni safi. Vipi?

Maumivu hayo ni ya kweli. Mwili ulio katika tahadhari muda wote hukaza misuli ya shingo, huvuruga usagaji wa chakula na kuharakisha moyo, bila mwenyewe kuhisi kwamba anaogopa kitu. Watu wengi wenye sonona au wasiwasi hufika kwa daktari wakilalamikia mwili tu. Kumwambia mtu kama huyo "huna kitu" ni jibu la uvivu. Ukiambiwa hivyo, uliza: je, inawezekana chanzo kikawa msongo wa mawazo, na nielekee wapi?

Kila mtu ana wasiwasi. Wangu umezidi lini?

Umezidi pale unaporuka kutoka jambo hadi jambo (pesa, watoto, afya, kazi, neno ulilolisema juzi), ukashindwa kuuzuia, siku nyingi kuliko zisizo nao, kwa miezi sita au zaidi, huku usingizi ukikatika na mwili ukikaza. Hapo wataalamu huzungumzia ugonjwa wa wasiwasi wa jumla.

Hofu kuu ya ghafla ni kitu kingine. Hupanda kwa kasi na kwa kawaida hufika kilele ndani ya dakika 10 hivi: moyo unadunda, pumzi inakata, mikono inakufa ganzi, na mtu anaamini anakufa au anarukwa na akili. Ikikupata mara ya kwanza nenda hospitali, kwa kuwa maumivu ya kifua hayakisiwi nyumbani. Daktari akishathibitisha kuwa moyo ni mzima, kazi inahamia kwingine.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Wasiwasi hunenepa kwa kukimbiwa. Mtu alipatwa na hofu ndani ya lifti. Kesho yake akapanda ngazi, akajisikia salama. Ule utulivu unamfundisha kwamba amepona kwa sababu amekimbia. Wiki inayofuata anaogopa basi lililojaa, mwezi unaofuata foleni ya benki, na mwishowe dunia yake ni chumba na sebule. Kila alipokimbia alipata nafuu ya kweli, ndiyo maana hakuna anayemlaumu, lakini kila nafuu ilikuwa mkopo. Tiba humrudisha hatua kwa hatua: asimame mbele ya lifti, aingie mlango ukiwa wazi, apande ghorofa moja, na abaki pale mpaka ajionee kwamba jambo alilolihofia halikutokea.

Napata mawazo ya kutisha nisiyoyataka. Je, nitayatenda?

Mzazi mwenye mtoto mchanga huona picha kichwani akimwangusha. Mcha Mungu husikia matusi akiwa katikati ya sala. Mawazo ya ghafla ya namna hii huwapata watu wengi sana, na wengi huyapuuza yakapita. Kwa baadhi hugeuka mateso: mtu anakagua, ananawa, anahesabu, anauliza "una hakika sikumdhuru mtu?" mara kumi kwa siku. Kule kuchukizwa kwako na wazo hilo kunaonyesha kwamba linapingana na unachokiamini. Mtaalamu anayeijua hali hii hatashtuka ukimweleza, na tiba yake ni mahususi: kulikabili wazo au kitu kinacholiamsha bila kufanya ule ukaguzi au unawaji unaokutuliza.

Tahadhari moja. Mtu akianza kuyaona mawazo hayo kuwa ni amri ya kutii, au akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hususan mama katika wiki za kwanza baada ya kujifungua, hiyo ni dharura ya hospitali siku hiyohiyo.

Nilipitia jambo baya. Lazima nisimulie yote ili nipone?

Si lazima, na kwa hakika si siku ya kwanza. Baada ya ajali, shambulio au msiba wa ghafla, ni kawaida kushtuka kwa sauti ndogo, kuota ndoto mbaya na kukosa usingizi. Wengi hutulia wenyewe wakiwa na watu wanaowajali. Kuwalazimisha watu wasimulie kila kitu katika kikao kimoja mara tu baada ya tukio hakuzuii kiwewe, na huenda kukawadhuru baadhi yao. Dalili zikiendelea zaidi ya mwezi mmoja, tukio likikurudia kana kwamba linatokea sasa, ukikwepa kila kinachokukumbusha, ndipo tafuta tiba ya kiwewe. Nyingine hupitia kumbukumbu kwa utaratibu uliopangwa. Nyingine, iliyoanzishwa na Francine Shapiro mwaka 1987, humfanya mtu asogeze macho kufuata mkono huku akilikumbuka tukio. Zote zinamtaka mtaalamu aliyezisomea.

Mshauri nasaha, mwanasaikolojia, daktari wa magonjwa ya akili: niende kwa nani?

Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili aliyebobea, anaandika dawa. Mwanasaikolojia wa tiba amesomea upimaji na tiba ya mazungumzo, na kwa kawaida haandiki dawa. Mshauri nasaha husaidia katika msiba, ndoa, msongo na maamuzi, na wengine wamefunzwa zaidi ya hapo. Ukiona mambo yasiyoonekana na wengine, ukikesha siku kadhaa bila kuchoka huku ukijiona unaweza kila kitu, au ukishindwa kula na kuamka, anza na daktari. Vinginevyo anza na yeyote aliyesajiliwa unayeweza kumfikia. Muulize alisomea nini na amewahi kushughulikia tatizo kama lako. Anayeudhika kwa swali hilo amekujibu.

Si bora niongee na rafiki?

Ongea naye, na usimwache. Ila rafiki ana lake katika maisha yako: ukimwambia unataka kuacha ndoa, tayari anawaza atakuwa upande wa nani. Pia hukimbilia kukutuliza, na wakati mwingine kutulizwa haraka ndiko kunakokuzuia kuona.

Hata hivyo sikubaliani na wanaodhani kwamba msaada wa maana hutoka kwa wenye shahada pekee. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha nchini Zimbabwe mpango wa kuwafunza bibi wa mtaani kukaa benchini na kuwasikiliza watu kwa kufuata hatua za kutatua tatizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba dalili za waliohudumiwa hivyo zilipungua zaidi kuliko za waliopata huduma ya kawaida. Bibi hao walifunzwa, walifuata utaratibu, na walikuwa na wa kuwasimamia. Mazungumzo ya kawaida barazani hayana hayo matatu.

Kuna aina nyingi za tiba. Nichague ipi?

Tiba ya fikra na tabia, iliyokuzwa na Aaron Beck kuanzia miaka ya 1960, hushughulika na namna unavyotafsiri mambo leo na unavyotenda kwa sababu ya tafsiri hiyo. Tiba zinazochimba mahusiano ya utotoni huenda polepole zaidi. Nyingine hulenga ugomvi na mabadiliko katika mahusiano ya sasa. Marsha Linehan alibuni moja kwa ajili ya watu wenye hisia kali zinazowafanya wajidhuru.

Kwa sonona, tofauti kati ya tiba zilizochunguzwa vizuri si kubwa kama matangazo yanavyodai. Kwa hofu za kitu maalumu, mawazo ya kujirudia na kiwewe, aina ya tiba ina uzito mkubwa, kwa hiyo uliza. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Edward Bordin alieleza kwamba ushirikiano mzuri kati ya mshauri na mteja una sehemu tatu: kukubaliana kuhusu lengo, kukubaliana kuhusu njia, na kuaminiana. Baada ya vikao vitatu au vinne, jiulize kama unavyo vyote vitatu.

Kikao cha kwanza kikoje?

Mara nyingi ni kama dakika 50 za maswali: kilichokuleta, kilianza lini, usingizi, dawa unazotumia, pombe, familia, na kama umewahi kufikiria kujiua. Hilo la mwisho huulizwa kila mtu. Njoo na sentensi moja ya unachotaka kibadilike. "Nataka furaha" ni ngumu kuifanyia kazi. "Nataka niweze kukaa mezani na watoto bila kufoka" inashikika, na baada ya miezi miwili mtajua kama imefika.

Siri zangu zitabaki pale?

Kwa kawaida ndiyo, isipokuwa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, mtoto akidhulumiwa, au mahakama ikiamuru. Mipaka kamili hutegemea sheria za nchi. Iulizie siku ya kwanza, kabla hujasimulia. Na kama vikao ni vya simu, tafuta mahali ambapo hakuna anayekusikia; watu wengi hulipuuza hili kisha wakashangaa kwa nini wanaongea nusunusu.

Kuna jambo siwezi kulisema. Nifanye nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote hapa, kwa sababu anayeliuliza yuko karibu sana na kazi yenyewe. Watu huficha madeni, uzinzi, pombe, dawa walizoacha kunywa, na mara nyingi sana huficha jambo linalomhusu mshauri mwenyewe: kwamba alichosema wiki iliyopita kiliwaumiza, kwamba hawaoni faida, kwamba wanatabasamu ili asijisikie vibaya. Kisha wanapoteza vikao vizima wakizungumzia habari za pembeni.

Huna haja ya kuanza na jambo lenyewe. Anza na kizuizi: "Kuna jambo siwezi kulisema, naogopa utanionaje." Mshauri mzuri hatakuvuta ulimi, atauliza kwanza hiyo hofu inasema nini. Ukishindwa kabisa, andika kwenye karatasi umpe asome. Na usilihifadhi kwa dakika tatu za mwisho. Jambo zito likitajwa mkono uko kwenye kitasa cha mlango, mnabaki na aibu bila muda wa kuifanyia kazi. Ukijijua una tabia hiyo, mwambie: "Nikifika, niulize ninachokwepa."

Kunyamaza kunaruhusiwa. Kulia pia. Usiombe radhi kwa lolote kati ya hayo.

Kwa nini napewa kazi za kufanya nyumbani?

Wiki ina saa 168, na mnakaa pamoja isiyozidi moja. Unachokifanya katika zile 167 ndicho kinachoamua mengi.

Chukua mfano wa kuandika mawazo. Bosi amepita bila kukusalimu, ukahisi tumbo linakaza. Unaandika tukio, hisia na ukubwa wake kwa asilimia, wazo lililopita ("anataka kunifukuza"), ushahidi unaoliunga mkono, ushahidi unaolipinga, kisha maelezo mengine yanayowezekana. Inaonekana ya kitoto. Lakini mtu akishaandika visa kadhaa, anaanza kuona kwamba akili yake ina hukumu moja anayoirudia kila mahali, na hapo mazungumzo ya kikaoni yanapata mwelekeo.

Kwa sonona, kazi huwa ni kupanga shughuli ndogo na kuzifanya hata moyo ukiwa umekataa: kuoga saa mbili asubuhi, kutembea dakika kumi, kumpigia ndugu mmoja. Usisubiri hamu. Katika sonona hamu mara nyingi hufuata baada ya tendo, wala haitangulii. Andika ulivyojisikia kabla na baada; utabiri wako wa "haitasaidia" utakuwa umekosea mara kadhaa, na hilo utaliona kwa mwandiko wako mwenyewe.

Hukuifanya kazi? Usiahirishe kikao kwa aibu. Nenda useme ni nini kilikuzuia. Mara nyingi kizuizi hicho ndicho tatizo lililokuleta.

Itachukua vikao vingapi?

Tiba ya fikra na tabia mara nyingi hupangwa kati ya vikao 12 na 20. Uchambuzi wa Kenneth Howard na wenzake wa mwaka 1986 ulikadiria kwamba karibu nusu ya watu hupata nafuu inayopimika kufikia kikao cha 8, na kama robo tatu kufikia cha 26. Matatizo ya miaka mingi huchukua muda zaidi. Ikiwa fedha au muda ni kidogo, sema mwanzoni, ili muamue jambo moja la kushughulikia badala ya kugusa kumi.

Natoka kikaoni nikiwa na hali mbaya zaidi. Ni kawaida?

Jioni moja au siku mbili za kuchoka baada ya kuzungumzia jambo zito ni za kawaida. Usipange mkutano mgumu saa hiyo. Kuzorota wiki baada ya wiki ni jambo jingine. Tiba ya mazungumzo humdhuru mtu mara chache, lakini hutokea. Omba mpimane kwa dodoso kila baada ya vikao vichache, ili mabadiliko yaonekane kwa namba na si kwa hisia za siku hiyo.

Mshauri wangu hanifai. Nimwache kimya kimya?

Mwambie kwanza, ikiwa uko salama naye. Mazungumzo ya aina hiyo mara nyingi hugeuza tiba, na yasipogeuza, mwombe akuelekeze kwa mwingine. Lakini anayekutaka kimapenzi, anayekukopa, anayekudhihaki kwa dini au kabila lako, au anayesimulia siri za wengine ili kukufurahisha, huyo huna deni naye la maelezo. Ondoka, na ukiweza mripoti kwa chombo kinachomsajili.

Dawa zitanibadilisha niwe mtu mwingine? Zitaniteka?

Dawa za sonona zinazotumika sana hazileti ile tamaa ya kuongeza dozi kama pombe inavyofanya. Huanza kusaidia baada ya wiki mbili hadi nne hivi, na nguvu kamili huchukua muda zaidi, wakati kichefuchefu na usumbufu mwingine hutangulia. Ndiyo maana wengi huacha wiki ya kwanza, wakiwa wamepata ubaya bila uzuri. Baadhi hulalamika kwamba hisia zimefifia au hamu ya tendo la ndoa imepungua. Mwambie daktari, kwani kipimo au aina ya dawa inaweza kubadilishwa. Usiache ghafla, hupunguzwa taratibu. Kwa vijana wa chini ya miaka 25, wiki za mwanzo zinahitaji uangalizi wa karibu, kwa sababu mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Baadhi ya dawa za usingizi na za kutuliza wasiwasi haraka zina utegemezi wa kweli, na hizo hazifai kutumika kwa miezi bila usimamizi.

Nafikiria kufa. Nikisema watanifungia?

Kufikiria "laiti nisingeamka" na kuwa na mpango, kifaa na siku ni mambo mawili tofauti, na mtaalamu anajua tofauti hiyo. Wengi wanaosema hurudi nyumbani wakiwa na mpango wa usalama ulioandikwa: dalili zinazotangulia, cha kufanya, wa kumpigia, na vitu vya kuondolewa nyumbani. Kama una mpango au unaogopa utajidhuru leo, usibaki peke yako. Mwambie mtu aliye karibu sasa hivi, nenda hospitali yoyote yenye huduma ya dharura, au piga namba ya dharura ya nchi yako.

Na kama una wasiwasi juu ya ndugu au rafiki, muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kisha nyamaza umsikilize, ondoa sumu, dawa za ziada na silaha alipo, na umsindikize mwenyewe kwenye msaada.

Nilipona, sasa naona inarudi. Tiba ilishindwa?

Hapana. Sonona ina tabia ya kurudi, na kadiri ilivyorudi mara nyingi ndivyo uwezekano wa kurudi tena unavyoongezeka. Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale walibuni tiba ya utulivu wa fikra, inayomfundisha mtu kuyatazama mawazo yake bila kuyafuata, kwa ajili ya wale hasa ambao sonona huwarudia, na manufaa yake yalionekana zaidi kwa waliokwisha kuugua mara tatu au zaidi.

Kabla ya kumaliza vikao, andikeni pamoja ukurasa mmoja: dalili zako tatu za mwanzo (kwa mtu mmoja ni kutojibu ujumbe, kwa mwingine ni kulala na nguo za kazini), kilichokusaidia safari iliyopita, na ni nani mwingine atakayepewa nakala ya ukurasa huo. Dalili mbili zikijitokeza kwa wiki moja, piga simu uombe kikao. Anayerudi mapema mara nyingi huhitaji vikao vichache kuliko vya mwanzo.